Daftari za Clayworth na Maana ya "Watu wa Nyumba"

Mwenye kutafuta asili ya ukoo katika vijiji vya Uingereza aghalabu huanza na daftari za kanisa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alitoa amri kwamba kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko ya watu wa parokia yake. Lakini daftari hizo humwonyesha mtu katika siku chache tu za maisha yake. Kati ya siku hizo aliishi wapi, na pamoja na nani, hazisemi.

Kwa ajili hiyo Clayworth, kijiji kidogo cha wakulima katika Nottinghamshire, kina thamani ya pekee. Mwaka 1676, maaskofu walipotakiwa kuhesabu waumini, kasisi William Sampson alizidi agizo, akaandika wakazi wote nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa watoto: watu 401. Mwaka 1688 akaandika tena, akapata watu 412. Atazamaye hesabu peke yake atadhani kwamba kijiji kilikuwa kimetulia. Hata hivyo Peter Laslett na John Harrison, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1963, walizilinganisha orodha hizo na daftari za kanisa, wakaona kwamba watu 244 wa orodha ya kwanza hawamo katika ya pili. Na waliohama walikuwa wengi kuliko waliofariki.

Sababu moja kubwa ni desturi ya utumishi. Vijana wa kiume na wa kike, kabla ya kuoa au kuolewa, walikaa katika nyumba za wakulima kwa mapatano ya mwaka mmoja, kisha wakaenda kwingine. Hapa ndipo historia inapohitaji msaada wa elimu ya lugha. Neno la Kiingereza ambalo siku hizi twalifasiri "familia", katika karne ya 17 lilikusanya wote walio chini ya mkuu wa nyumba: mke, watoto, na watumishi wasio na nasaba naye. Tafsiri iliyo sahihi zaidi, basi, ni "watu wa nyumba". Wala si "ukoo", wala si "jamaa".

Majina ya udugu nayo yana mitego. Neno ambalo leo ni la mama mkwe lilitumika pia kwa mama wa kambo. Na lile la binamu lilitajwa hata kwa mpwa, au kwa ndugu yeyote wa mbali. Msomaji asiyejua hayo, akikuta wasia wa wakati ule, huenda akamwoza kijana mke ambaye hakumwoa kamwe, na kosa hilo likarithiwa na kila anayenakili nasaba yake.

Parokia nyingi hazikupata kasisi kama Sampson. Zina daftari tu. Kwa hiyo, jina likitoweka katika daftari tusiseme upesi kwamba ukoo umekatika, wala likidumu tusiseme kwamba watu hawakuhama. Kwanza tuulize neno lilikuwa na maana gani kwa aliyeliandika, ndipo tuchore mti wa nasaba.