Jeni na malaria katika Milima ya Upare

Milima ya Upare, katika wilaya za Same na Mwanga kaskazini mashariki mwa Tanzania, ni mahali ambapo uhusiano wa malaria, kinga ya mwili na jeni za kurithi huonekana ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu. Chini, upande wa Mkomazi, kuna mashamba ya mpunga ya Ndungu na Kihurio, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, penye joto na maji yaliyotuama. Juu kuna Bwambo, kwenye mita 1,600 hivi, na juu zaidi msitu wa Chome na kilele cha Shengena. Kimelea Plasmodium falciparum huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Likishuka hadi karibu nyuzi 18, mbu huwahi kufa kabla hakijawa tayari. Ndiyo maana malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda.

Jeni inayojulikana zaidi katika habari hii ni ya selimundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja ni mbebaji tu, wala haumwi. Aliyeirithi kwa baba na mama ndiye mgonjwa, ambaye mtaani husemwa kuwa ana siko seli. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kosa lenyewe ni dogo mno: herufi moja ya jeni ya himoglobini imebadilika. Matokeo yake huonekana kwa hadubini. Tone la damu huchanganywa na sodiamu metabisulfiti, hufunikwa kwa kioo chembamba, kisha kingo huzibwa ili hewa isiingie. Baada ya muda, chembe zilizokuwa mviringo kama sahani hujikunja na kuchongoka, mithili ya mundu wa kuvunia mpunga. Mwilini mwa mbebaji, chembe iliyoingiwa na kimelea huharibika vivyo hivyo, na wengu huiondoa mapema. Anaweza kuugua malaria, ila hatari ya malaria kali kwake hupungua kwa asilimia 90 hivi.

Alfa-thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini inayokinga dhidi ya malaria, haina umaarufu huo, ingawa katika ukanda huu wabebaji wake ni wengi zaidi. Chembe zao nyekundu ni ndogo kidogo, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua.

Aliyeunganisha selimundu na malaria kwa ushahidi ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Katika makala zake za 1954 alionyesha kuwa jeni hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na haba nyanda za juu kavu. Mwenye shaka angeweza kumjibu kwamba watu wa sehemu hizo hutofautiana kwa asili, lugha na chakula, si kwa mbu peke yake. Upareni jibu hilo hupoteza nguvu. Tambarare ina mchanganyiko wa watu, ni kweli, lakini Chasu, lugha ya Wapare, husikika chini na juu, na koo zilezile zina mashamba pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ulaya walipima vijiji ngazi kwa ngazi, Rombo, Upare na Usambara Magharibi. Vimelea vilipungua kwa kimo, na kingamwili pia. Alfa-thalasemia nayo ikafuata njia hiyohiyo. Makala yao ya 2005 ilikadiria kuwa huchukua karibu miaka 50 kwa nusu ya watu wenye kingamwili za aina moja kuzipoteza.

Miaka 50 nyuma ya hapo inatufikisha kwenye Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta. Kuanzia 1955 hadi 1959 nyumba za Upare na za Taveta, ng'ambo ya mpaka, zilipuliziwa dieldrini. Anopheles funestus alitoweka karibu kabisa, na vifo vya watoto wachanga vikapungua kwa kiasi cha nusu. Unyunyiziaji ulipokoma malaria ilirudi polepole, lakini vifo havikurudi vilivyokuwa, kwa sababu moja kubwa: klorokwini ilikuwa imefika madukani. Eneo hilo limeacha jina lake hata kwa mbu, Anopheles parensis, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1962.

Si jeni zote zinazohusika hufanya kazi katika chembe nyekundu. Nyingine huamua kinga iwake kiasi gani na izimwe lini, maana malaria kali ni kazi ya kimelea na ya kinga iliyopitiliza kwa pamoja. Interlukini-10 ni mojawapo ya vizimio hivyo. Kikishindwa, madhara ni makubwa: mtoto aliyezaliwa na hitilafu katika kipokezi chake hupata uvimbe mkali wa utumbo angali mchanga.

Milimani, hesabu ya selimundu hubadilika. Bibi harusi akipanda kutoka Ndungu kuolewa Bwambo, jeni hupanda naye mahali ambapo haina wa kumkinga. Mtoto akiirithi pande zote mbili, baridi ileile iliyowafukuza mbu ndiyo humwamshia maumivu ya mifupa usiku.