Herufi Thelathini na Tano: Kipunjabi na Darasa la Kwanza

Kutoka Amritsar, India, hadi Lahore, Pakistan, ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Mama wa Amritsar na mama wa Lahore hubembeleza watoto kwa lugha moja, Kipunjabi, na wakikutana huelewana bila mkalimani. Lakini watoto wao wakifikia umri wa kwenda shule, mmoja atafundishwa kusoma lugha ya mama yake. Mwingine atafundishwa Kiurdu na Kiingereza, na huenda akamaliza masomo pasipo kuandika hata sentensi moja ya Kipunjabi. Tofauti hiyo haikuletwa na mpaka wa mwaka 1947 peke yake. Chanzo chake ni cha zamani zaidi, na njia nyepesi ya kukifuatilia ni kukitazama kitabu cha kwanza anachopewa mtoto.

Wasikh, ambao sisi tumezoea kuwaita Singasinga au Kalasinga, huandika Kipunjabi kwa hati ya Gurmukhi, yaani ‘kutoka kinywani mwa Guru’. Aliyeipanga na kuisanifisha ni Guru Angad (1504–1552), kiongozi wao wa pili. Hakubuni hati mpya kabisa. Alizitengeneza upya herufi zilizokwisha kutumiwa Punjab kabla yake. Mapokeo ya Wasikh yanasema kwamba aliwaandalia watoto vitabu vya kujifunzia na kuwafundisha mwenyewe. Herufi za asili ni 35, ndiyo maana alfabeti yenyewe huitwa painti, thelathini na tano. Huanza na ura, aira, iri, kisha sassa, haha, kakka, khakkha, gagga. Majina yanayojirudia namna hiyo huzoeleka upesi ulimini, na watoto huyaghani kwa pamoja kama wenzao wa vyuoni pwani wanavyoghani kijuzuu.

Kipunjabi ni lugha yenye toni, jambo adimu miongoni mwa jamaa zake wa Bara Hindi. Neno linalosikika kama kora laweza kuwa mjeledi, farasi au mwenye ukoma, kwa kutegemea sauti inavyopanda au kushuka. Maandishi huyatenganisha: farasi huandikwa kwa herufi ya gh, ambayo zamani ilitamkwa hivyo, lakini leo husomwa k yenye toni ya chini. Mgeni hutaabika sana na kanuni hii. Mtoto wa Kipunjabi hataabiki, kwa kuwa toni anayo tayari sikioni. Kazi ya mwalimu ni kuoanisha sikio na jicho. Mtoto huyohuyo akianzishiwa lugha nyingine, hujifunza sauti, maana na herufi kwa mpigo mmoja.

Waislamu wa Punjab waliandika lugha hiyohiyo kwa hati yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, ambayo siku hizi huitwa Shahmukhi. Kitabu chao cha kwanza huitwa qaida, neno lilelile la Kiarabu lililotupatia ‘kaida’. Kuwa na hati mbili hakukuiua lugha. Waris Shah alikamilisha utenzi wake mashuhuri, Hir, mwaka 1766, nao ukapendwa na watu wa dini zote. Nasi pia tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuhamia za Kilatini.

Balaa ililetwa na dola. Waingereza waliitwaa Punjab mwaka 1849, na mwaka 1854 wakakipa Kiurdu nafasi ya Kiajemi maofisini na mahakamani. Shule za serikali zikafuata. Maofisa na makarani waliohamishiwa huko kutoka majimbo ya jirani walikuwa wamekwisha kuzoea Kiurdu. Baadhi ya wakubwa waliona Kipunjabi ni lahaja ya washamba. Tena walihofu kwamba kuikuza Gurmukhi ni kuwapa nguvu Wasikh, ambao walikuwa wametoka kupigana nao vita viwili. Mwaka 1882 G. W. Leitner, mkuu wa Chuo cha Serikali cha Lahore, aliandika ripoti kali juu ya matokeo yake. Alikadiria kwamba wanafunzi wa shule za kienyeji, zile za misikitini, za mahekaluni na za wafanyabiashara, walipungua kutoka 330,000 hadi 190,000 hivi. Leitner alipenda mabishano na makadirio yake si ya kumezwa mazima, lakini hakuna aliyezichunguza shule hizo kwa bidii kuliko yeye.

Lugha iliyofukuzwa ofisini ilikimbilia kwenye dini. Jumuiya ya Singh Sabha ilianzishwa Amritsar mwaka 1873, na kuanzia mwaka 1894 Bhai Vir Singh na wenzake wakasambaza vijitabu vya bei nafuu kwa Gurmukhi. Waliiokoa lugha, lakini kwa gharama: Kipunjabi kilianza kuonekana mali ya Wasikh, Kihindi cha Wahindu, Kiurdu cha Waislamu. Katika sensa ya mwaka 1961, Wahindu wengi wa Punjab ya India waliozungumza Kipunjabi nyumbani waliandikisha Kihindi kuwa lugha mama. Jimbo la wasemaji wa Kipunjabi lilipatikana tarehe 1 Novemba 1966, na sheria ya mwaka 2008 ikakifanya kuwa somo la lazima kuanzia darasa la kwanza hadi la kumi.

Historia hii ilivuka bahari ikatufikia. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Makhan Singh, mwanaharakati wa wafanyakazi aliyewekwa kizuizini na serikali ya kikoloni ya Kenya kwa miaka kumi na moja, alikuwa pia mshairi wa Kipunjabi. Alizaliwa mwaka 1913 katika wilaya ya Gujranwala, ambayo leo iko Pakistan.

Mtoto anayezaliwa Gujranwala sasa hana darasa la Kipunjabi linalomsubiri. Katika sensa ya mwaka 2017, asilimia 39 hivi ya Wapakistani walikitaja Kipunjabi kuwa lugha mama, wengi kuliko wasemaji wa lugha nyingine yoyote. Sindh ilijitungia sheria ya kulinda Kisindhi mwaka 1972. Punjab, mkoa wenye watu wengi na sauti kubwa kuliko yote, haukufanya hivyo. Kipunjabi husomwa chuo kikuu hadi shahada ya uzamili, lakini mtoto wa darasa la kwanza hakisomi: ni paa lililoezekwa kabla ya kuta kujengwa. Hapa mkoloni hawezi kubebeshwa lawama zote. Watetezi wa hali hii husema Kiurdu kinaunganisha taifa na Kiingereza kinaleta ajira, kana kwamba mtoto aliyejifunza kusoma kwa lugha yake huzuiwa kujifunza nyingine. Wazazi wengi wa Lahore wamekwisha kuifuata hoja hiyo hadi sebuleni: huzungumza Kipunjabi wao kwa wao, kisha humgeukia mtoto kwa Kiurdu.