Ayala, Maradhi na Upungufu wa Hesabu ya Maili ya Mraba

Imekwisha kuwa kama itikadi miongoni mwa wasimamizi wa wanyama wa porini katika Amerika ya Kaskazini kwamba, maradhi yanapozuka katika kundi la ayala, yaani kulungu wa huko wenye mkia mweupe, dawa ya kwanza ni bunduki: idadi ipunguzwe katika kila maili ya mraba, na maradhi yatapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kwamba wanyama waliosongamana huambukizana upesi ni jambo lisilo na mjadala. Ninachokipinga ni kipimo chenyewe, kwani wastani wa maili ya mraba hauelezi ayala hao hukutana wapi, wala kwa sababu gani.

Hujja yangu kubwa yatoka kaskazini-mashariki mwa Michigan. Mwaka 1994 mwindaji katika wilaya ya Alpena alimpiga ayala aliyekutwa na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchunguzi wa mwaka uliofuata ukadhihirisha kwamba katika kiini cha eneo hilo takriban ayala 5 katika kila 100 walikuwa nacho, ilhali wataalamu wa zama hizo wakidhani kuwa ayala wa porini hawawezi kuyadumisha maradhi hayo pasipo ng'ombe wa kuwaambukiza upya. Nchi hiyo ni ya vilabu vya uwindaji, yenye ardhi dhaifu na baridi kali. Na wenye vilabu, kwa kutamani ayala wengi kuliko ardhi iwezavyo kuwalisha, walikuwa wakimwaga karoti, viazi sukari na mahindi kwa malori, mafungu kwa mafungu juu ya theluji. Hapo majike, ambao kwa tabia yao hukaa na jamaa zao na kuwaepuka wageni, walisimama pua kwa pua na ayala wa koo nyingine, wakitafuna karoti iliyokwisha kupakwa mate ya mgonjwa. Na kijidudu cha kifua kikuu hudumu majuma mengi katika chakula kilichoganda. Majaribio ya zizini yamethibitisha kwamba ayala mzima huambukizwa kwa kula tu masazo ya mgonjwa, bila ya kuonana naye.

Serikali ya jimbo ikapiga marufuku ulishaji huo, na sanjari na hayo ikaruhusu majike wawindwe kwa wingi. Kufikia mwaka 2004 kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya 2 katika 100. Watetezi wa bunduki huudai ushindi huu kuwa wao, na kuzitenganisha hatua hizo mbili kwa hakika ni taabu. Walakini kusini mwa jimbo hilo hilo, kwenye mashamba na ayala wengi zaidi kwa maili, maradhi hayakuota mizizi namna hiyo. Fauka ya hayo, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata wakapita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na sotoka haikuongezeka pamoja nao bali ilitoweka, kwa kuwa chimbuko lake lilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walichanjwa.

Nitakumbushwa habari za Wisconsin na Illinois, ambako maradhi ya kukondesha yaletwayo na prioni, yaani protini zilizopotoka umbo, yaligunduliwa katika ayala mwaka 2002. Wisconsin ililegeza upunguzaji baada ya miaka michache, na kiwango kikapanda. Illinois ikaendelea kuwatuma wapigaji wake, na kiwango kikakaa karibu na 1 katika 100 kwa takriban miaka kumi. Mfano huu nauthamini sana, ila wapigaji wa Illinois hawakushughulika na wastani wa jimbo: walikwenda pale pale walipopatikana wagonjwa.

Kwa prioni, ambazo hukaa udongoni kwa miaka, huenda marufuku ya ulishaji pekee isifae kitu. Kwa kifua kikuu sioni udhuru. Afisa ahesabuye ayala na ahesabu kwanza mafungu ya chakula, wala isitolewe idhini ya kuua majike katika wilaya ambamo malori yangali yakimwaga mahindi.