Walima Zabibu na Daraja la Kwanza

Sisi wa Nzuguni tunaoshuka na daladala hadi mjini kuishangilia Dodoma Jiji, yaani Walima Zabibu, hatukuanzia Ligi Kuu. Kabla ya Dodoma Jiji, mkoa huu ulikuwa na timu za taasisi: CDA, ya mamlaka iliyoundwa 1973 kujenga makao makuu, kisha Polisi Dodoma. Timu ya taasisi huishi kwa fungu la ofisi. Ofisi ikibadilika, timu huyumba, na CDA yenyewe kama mamlaka ilivunjwa 2017.

Mwaka uliofuata, Aprili 26, Dodoma ikatangazwa jiji, jina ambalo baadaye timu ya halmashauri ililibeba. Wakati huo timu bado ilikuwa daraja la kwanza: safari ndefu za basi, viwanja vyenye vumbi. Pale uwanja wa Jamhuri upepo wa kiangazi hupeperusha mpira wa juu hadi kipa abaki anaukodolea macho, na mama wa karanga anashikilia ungo wake kwa mikono miwili. Nazipenda mechi zile kuliko za leo, maana waliokuja walikuja kwa ajili ya Dodoma, si kumtazama mgeni.

Mwaka 2020 tukapanda pamoja na Gwambina na Ihefu. Baada ya msimu mmoja tu, wenzetu wote wawili wakashuka. Sisi tukabaki.

Basi ndugu zangu wa Nzuguni, Simba au Yanga wakija Jamhuri, vaeni jezi ya Walima Zabibu.