Bakshishi, Kilemba na Kiinua Mgongo



Kabla ya kufungua hesabu za mwaka, twaona yafaa kueleza habari ya malipo yapitayo mshahara. Vijana wengi wa Kilelengwani huenda Malindi na Mombasa kutafuta kazi ya mwezi, nao hurudi bila kujua lipi lilikuwa haki yao na lipi lilikuwa hisani ya tajiri.

Wahenga hawakuyachanganya mambo haya. Bakshishi, neno lililotoka Uajemi, ni kipawa cha moyo: mtoaji hadaiwi, wala mpokeaji hana la kudai. Kilemba ni kingine. Mwanafunzi akihitimu kwa mwalimu au kwa fundi wake humpa kilemba, nacho ni ada. Kuinyima ni aibu. Kiinua mgongo nacho huelewa upesi kila aliyepata kuinama katika konde la mpunga: mgongo ulioinamishwa na kazi hauna budi kuinuliwa kazi ikiisha. Rushwa haimo katika ukoo huu, maana rushwa hutolewa ili kazi ipotoshwe. Hivi vitatu hutolewa kwa kuwa kazi imetendwa vema.

Ajira ya mshahara ilipoingia, desturi hizo zilidhoofika. Fundi na mwanafunzi walijuana, na aibu iliwalinda. Bali kampuni haina uso wa kuona haya. Ndipo wafanya kazi wakalazimika kudai kwa umoja. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa, bandarini, katika reli na majumbani, kwa muda wa siku 12. Baadaye baraza la Jaji Thacker liliwaongezea malipo. Mwaka 1965, baada ya Uhuru, ikaundwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Kisha Sheria ya Ajira ya 2007 ikaamuru kwamba anayeondolewa kwa sababu kazi imepungua alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Hivyo lililolindwa na aibu sasa lalindwa na sheria.

Limebaki neno bonasi, nalo lataka uangalifu. Wakulima wadogo wa chai huko milimani huita bonasi malipo yao ya mwisho wa mwaka. Kumbe hayo ni sehemu ya bei ya majani yao wenyewe, iliyosalia baada ya gharama. Jina likikosewa, mtu hushukuru kwa kupewa mali yake.

Basi twawaomba wazee, mnapowaaga vijana, muwaulize: je, mkataba umeandikwa, na bonasi imetajwa ndani yake? Iliyoandikwa ni deni. Isiyoandikwa mara nyingi ni bakshishi tu. Waambieni pia watunze kila karatasi ya mshahara. Mtu aliyetumika miaka mingi asirudishwe nyumbani na sifa tupu, akavikwa kilemba cha ukoka, hali mgongo wake ungali umeinama.