Basenji: Mbwa wa Nje Aliyeingizwa Ndani

Miongoni mwa maneno yetu yaliyosafiri mbali, neno «mshenzi» lina historia yenye uchungu. Katika karne ya 19 watu wa miji ya pwani walilitumia kuwaita watu wa bara, yaani wale ambao, kwa fikira zao, hawakuwa waungwana: hawakukaa katika nyumba za mawe, hawakuvaa kanzu, wala hawakufuata dini yao. Neno hilo lilipanda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, likavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Katika Kilingala tunalikuta kwa sura ya «mosenji», na wingi wake «basenji». Mwalimu akiyaandika maneno haya ubaoni, wanafunzi wataona mara moja kwamba mo- na ba- za Kilingala ni ndugu za m- na wa- zetu, na kwamba -senji ndiyo -shenzi.

Leo «basenji» ni jina la aina ya mbwa wanaofugwa sana Ulaya na Marekani. Maana yake ya asili ni mbwa wa washenzi. Makala haya yanaeleza jinsi mbwa huyo, aliyezaliwa na kukulia nje, alivyoingizwa katika nyumba za watu wa mbali, na mafunzo tunayoweza kuyapata tunapotaka kumkaribisha ndani mbwa mzima aliyezoea uwanja.

Maskani yake ya asili ni misitu na mbuga za kaskazini mashariki mwa Kongo na sehemu za Sudani Kusini. Ni mbwa mdogo, kimo chake begani hupata sentimita 40 hivi. Masikio yamesimama, kipaji kina makunyanzi, na mkia umejiviringisha juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Si bubu, kwani hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba. Ila koromeo lake halimpi ule mlio wa «bwe-bwe» tuliouzoea. Kwa sababu hiyo wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni. Mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika nchi za Wazande kati ya mwaka 1868 na 1871, aliwaona mbwa hao na kengele zao. Kengele ilimjulisha mwenye mbwa mahali alipo katika nyasi ndefu; tena katika uwindaji wa nyavu mlio wake uliwashtua wanyama na kuwasukuma mtegoni.

Yafaa tuzingatie jambo moja. Mbwa huyu hakuwa mnyama wa mwitu. Alijua sauti ya mwenyewe, alikaa karibu na moto, alikula makombo ya watu na kuwinda pamoja nao. Asichokijua kilikuwa mlango uliofungwa. Jua likichoma alihamia kivulini, akiogopa alikimbia, akitaka kujisaidia alikwenda pembeni. Hakuna aliyempangia saa. Mbwa wa namna hiyo akiingizwa ndani hapewi raha tupu: ananyang'anywa pia uamuzi mdogo mdogo mia moja aliokuwa akiufanya kila siku.

Wazungu wa kwanza kumchukua hawakuyafikiria hayo. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hii walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts huko Uingereza. Muda si mrefu wakafa kwa distempa, maradhi ya virusi yanayoambukizana upesi baina ya mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliondoka Sudani na mbwa sita, nao wote wakafa karantini baada ya kudungwa sindano za kuwakinga na maradhi hayohayo, kwani kinga yenyewe ilikuwa bado changa. Ndipo Bi Olivia Burn alipofaulu kuwaleta wengine kutoka Kongo mwaka 1936. Walipoonyeshwa Crufts mwaka 1937, watu walisongamana kumtazama mbwa asiyebweka, na jina la basenji likashika. Lakini miongoni mwa wale waliopelekwa Marekani mwaka huohuo, wengi walikufa kwa distempa.

Basi tusiseme kwamba walikufa kwa sababu mbwa wa Afrika hawezi kukaa nyumbani. Kilichowaua ni maradhi ambayo miili yao haikuwa na kinga nayo. Wale waliopona waliishi, wakazaa, wakalala juu ya mazulia.

Kisa cha mwaka 1941 ni ushahidi mzuri. Meli ya mizigo iliyopakia kahawa kutoka Afrika Magharibi ilipofika Boston, mbwa jike aliyekonda sana alikutwa amejificha ndani yake. Hakuwa mtoto aliyechaguliwa na mfugaji. Alikuwa mbwa aliyekwisha kuyaona maisha, akavuka bahari gizani bila kualikwa. Watu wakamtunza, wakamwita Congo, na hatimaye akapata kwao na watoto. Sisi husema, «Samaki mkunje angali mbichi», na methali hiyo ina ukweli wake. Lakini Congo alikunjika akiwa mkavu.

Iliwezekanaje? Sehemu ya jibu inapatikana katika kazi ya John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965. Basenji alikuwa mmoja wa aina tano walizozichunguza. Waliona kwamba watoto wa basenji, wakiwa na wiki tano, huwaogopa watu kupita wenzao, lakini wakishikwa-shikwa kwa upole huzoea upesi. Waliona pia kwamba muda kati ya wiki ya 3 na ya 12 ndio mtoto wa mbwa anapojenga urafiki na viumbe wengine. Mbwa aliyekua katika muda huo bila kumwona mtu atakuwa na taabu kubwa baadaye. Aliyekua uwanjani kati ya watu, kama basenji wa kijijini, amekwisha kuvuka mto ulio mgumu zaidi. Watu anawajua, kilichobaki ni kujifunza kuta, na hilo mbwa mzima huliweza.

Kwa hiyo atakayemwingiza ndani mbwa wake wa nje na aanze pale historia ilipowashinda wa kwanza, yaani kwa daktari wa mifugo: chanjo ya distempa na ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, na kuondolewa kupe. Kisha asimpe nyumba nzima siku moja. Ampe chumba kimoja au pembe moja, na mkeka wake ambao hakuna mtoto wala mgeni atakayemsumbua akiwa juu yake. Amtoe nje mahali palepale kila aamkapo, kila amalizapo kula, na kabla ya kulala, amsifu papo hapo akijisaidia. Mbwa mzima huweza kujizuia kwa saa nyingi kuliko mtoto, na kwa silika hapendi kuchafua alalapo. Hizo ni akiba mbili ambazo mwenye nyumba huzikuta tayari. Akikosea ndani, asipigwe. Mbwa hahusishi fimbo na dimbwi alilolikojoa kitambo, bali huihusisha na mkono unaoishika, na kesho atajificha nyuma ya kabati. Sakafu inayoteleza, redio na ngazi azizoee kidogo kidogo. Na aachwe peke yake kwanza dakika chache, ndipo saa. Wengine huzoea kwa wiki chache, wengine huhitaji miezi.

Wala si lazima kila mbwa aingie sebuleni. Katika nyumba nyingi za pwani, zinazofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hapo banda kavu lenye kivuli, maji na mtu wa kusema naye latosha.

Historia ya basenji ina mwisho wenye mafunzo yake. Kwa kuwa mbwa wa nchi za nje walitokana na wazazi wachache, maradhi ya kurithi yalienea, hasa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire kutafuta damu mpya vijijini. Mwaka 1990 daftari la nasaba la Marekani lilifunguliwa kuwapokea mbwa waliopatikana huko. Baadhi walibeba jina la Avongara, ukoo wa watawala wa Wazande.

Hivyo waliomiliki daftari na zulia walirudi kuomba msaada kwa mbwa wa uwanjani, na safari hii wakamwita kwa jina la wafalme. Tunapowafundisha wanafunzi neno «mshenzi», tuwaeleze pia kisa hiki. Basenji hakuletewa adabu na nyumba. Adabu alikuwa nayo kwao, ya moto, ya kengele na ya nyavu. Alipohamishwa alihitaji muda na mwenyeji mvumilivu ili ajifunze ya pili.