Picha zinavyofichua saratani ya wayo inapoenea

Kidonda kisichopona chini ya wayo, au doa jeusi linalozidi kupanuka kwenye kidole cha mguu, ni jambo ambalo mkazi wa Kibera au Kawangware anayekwenda kazini kwa miguu kila alfajiri hulidhania kuwa sugu au jeraha la kiatu. Aghalabu ndivyo ilivyo. Lakini mara chache huwa ni melanoma, saratani ya ngozi iliyo adimu kwa watu weusi, ambayo inapowapata huanzia sana kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali pasipochomwa na jua.

Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo kidoleni mwaka wa 1977. Alipofariki Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, ilikuwa imefika kwenye mapafu na ubongo.

Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa kipande cha nyama kupimwa maabarani. Kazi ya picha ni kuonyesha umesafiri hadi wapi. Unapotoka wayoni, mara nyingi hutua kwanza kwenye tezi za kinena. Hapo altrasaundi, mashine isiyo na makuu, huweza kuonyesha tezi iliyobadilika hata kabla mtoki haujahisika kwa mkono. Siti-skani huchunguza mapafu na ini.

Kipimo cha PET huangalia mwili karibu wote kwa mara moja. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa sita hivi, hudungwa sukari yenye miale hafifu ya nyuklia, kisha husubiri takriban saa moja. Seli za saratani, ambazo hufyonza sukari kwa pupa, hung'aa pichani. Ubongo nao hutumia sukari kwa wingi, hivyo uvimbe ulio humo waweza kufichika. Huko MRI ndiyo ya kutegemewa.

Sukari hiyo hupoteza nusu ya miale yake kila dakika 110, kwa hivyo haiwezi kuagizwa kutoka nchi za mbali. Wagonjwa Wakenya walilazimika kusafiri hadi India na kwingineko, mpaka Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilipoanzisha huduma hiyo mwaka wa 2018, pamoja na mtambo wa kuitengeneza. Hospitali ya umma ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilifuata baadaye. Hata hivyo, hupelekwa huko mgonjwa ambaye kidonda chake kimekwisha kupimwa, na wengi hucheleweshwa na hatua hiyo ya awali.